Nilimwonya, akaondoka. Nilikosea wapi?

Swali: "Nasimamia kundi la mtandaoni la watu wanaojifunza kupiga picha. Tuko zaidi ya elfu nne, na wasimamizi ni watatu, wote wa kujitolea. Kanuni yetu mojawapo inakataza matangazo ya biashara isipokuwa Jumamosi. Mwanachama mmoja wa siku nyingi, mtu anayewasaidia sana wageni, aliweka tangazo la kuuza lenzi yake siku ya Jumatano. Nililifuta, kisha nikaandika mbele ya wote: 'ONYO: Matangazo HAYARUHUSIWI. Kanuni zipo na wewe unazijua. Ukirudia utaondolewa.' Akajibu kwa hasira, watu wakamuunga mkono, wakaniita dikteta, na usiku uleule akatoka kundini. Msimamizi mwenzangu mmoja anasema nilikuwa mkali mno. Mwingine anasema nilifanya sawa, maana tukianza kubembeleza watu kundi litageuka soko. Mimi sikuwa na hasira hata kidogo nilipoandika. Je, onyo linatakiwa liwe na sauti gani? Tuwe na maneno ya kunakili ili tusikosee? Na huyu aliyeondoka, nimwombe radhi ilhali kosa lilikuwa lake?"

Jibu: Ndugu, nianze na sentensi uliyoiandika kama unapita tu: hukuwa na hasira hata kidogo. Nakuamini. Nimesoma maonyo mengi ya wasimamizi, na rufaa nyingi zaidi za watu walioonywa, na jambo hili hujirudia mpaka limenichosha. Aliyeandika alikuwa ametulia kabisa, na aliyesoma aliona mtu amemsimamia kichwani akimnyooshea kidole. Wote wawili husema kweli. Kwa hiyo sitakuuliza ulikuwa unahisi nini. Tuangalie maneno yalifanya nini baada ya kutoka mikononi mwako.

Unapoandika, unajisikia mwenyewe kichwani. Sauti hiyo ya ndani inajua umetulia, inajua unamheshimu huyo mtu, inajua kwamba hii ni kazi ya dakika moja tu. Hayo yote hayaingii kwenye maandishi. Kinachofika ni maneno matupu, na msomaji hulazimika kuyavika sauti aliyonayo yeye. Mwaka 2005 wanasaikolojia Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio yaliyopima jambo hili. Watu walituma sentensi za kejeli na zisizo za kejeli, wengine kwa barua pepe, wengine kwa kuzisema. Watumaji walitarajia kueleweka kwa kiasi cha asilimia 78, iwe kwa njia hii au ile. Waliosema walieleweka kwa karibu asilimia 73, kwa hiyo hawakuwa mbali. Walioandika walieleweka kwa asilimia 56, ambayo ni karibu sawa na kurusha sarafu. Kinachonichekesha kila nikikumbuka ni kwamba wapokeaji nao walijiamini kabisa kuwa wamepatia.

Sasa ongeza cheo juu yake. Wewe una kitufe cha kumtoa, yeye hana. Maneno ya mwenye kitufe hayasomwi kama ya rafiki, kwa sababu msomaji anatafuta humo dalili ya hatari kabla hajatafuta maana. Mtafiti Kristin Byron, katika makala ya mwaka 2008 kuhusu hisia katika barua pepe za kazini, alijenga hoja kwamba ujumbe wenye hisia njema huelekea kusomwa kama usio na hisia, na wenye hisia mbaya kusomwa vibaya zaidi kuliko alivyokusudia mtumaji. Kwa msimamizi maana yake ni kwamba hakuna onyo la "kawaida tu". Ukiandika kavu, litasomwa chungu. Na wewe hukuandika kavu peke yake, uliandika pia kwa herufi kubwa. Tangu Oktoba 1995 mwongozo wa adabu za intaneti uitwao RFC 1855 ulishaonya kwamba herufi kubwa husomeka kama mtu anayepiga kelele. Wewe ulizitumia kusisitiza, lakini watu elfu nne walisikia ukelele.

Wasimamizi wenzako wanabishana kana kwamba ukali na upole ni kamba moja, ukivuta huku unapoteza kule. Nadhani hapo wote wawili wamekosea. Kuna mambo mawili, na kila moja lina njia yake. La kwanza ni uzito wa kanuni: tangazo linabaki au linaondoka? La pili ni hadhi ya mtu: anatoka hapo akiwa amesitiriwa au ameumbuliwa? Erving Goffman, mwanasosholojia, aliandika mwaka 1955 kuhusu alichokiita uso, yaani ile taswira njema ambayo kila mtu huibeba mbele ya wenzake na hutegemea wenzake waisaidie isianguke. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo, maana mtu aliyefedheheka husema mwenyewe hajui uso atauweka wapi. Unaweza kufuta tangazo bila kusita na bado ukamwachia mtu mahali pa kuuweka uso wake. Unaweza pia kuliacha tangazo na bado ukamuumbua, na nimewaona wasimamizi wakifanya hivyo: wanaliacha, kisha wanatupa neno la pembeni.

Acha nikae kidogo kwenye ujumbe wako, kwa sababu kila kipande kina kazi yake.

"HAYARUHUSIWI" ni kitenzi kisicho na mtu. Nani haruhusu? Kiswahili kinatupa kauli ya kutendwa kwa urahisi mno, na wasimamizi tunaipenda kwa sababu inatuficha: limefutwa, imeamuliwa, utaondolewa. Ni lugha ya kibao kilichopigiliwa ukutani. Msomaji hawezi kuongea na kibao, kwa hiyo anabaki na njia mbili, kunyamaza au kukipiga teke. Linganisha na "nimeliondoa". Hapo kuna mtu, na mtu anaweza kuulizwa.

"Na wewe unazijua" ndiyo iliyoharibu kazi. Kama ningeruhusiwa kukufutia maneno matatu tu, ningefuta haya. Tazama: tendo lenyewe lilikuwa dogo, tangazo siku isiyo yake. Maneno haya yakaligeuza kuwa tabia. Yanasema alijua na akafanya makusudi. Wewe ulijuaje? Huenda alichanganya siku. Huenda alijiunga kabla kanuni haijawekwa na hakuisoma ilipobadilika. Huenda ni kweli alijua na akajaribu bahati yake, lakini hata hapo hukuwa na ushahidi. Tendo unaliona kwenye skrini, nia huioni. Onyo likibaki kwenye tendo, mtu anaweza kukubali kwamba amekosea. Likihamia kwenye nia, hana budi kujitetea, na kwa kuwa ulisema mbele ya watu, atajitetea mbele ya watu. Hilo "wewe" lenyewe halikuhitajika pia. Kitenzi chetu kina nafsi tayari ndani yake. "Unazijua" inatosha, na anayeongeza "wewe" huwa amekunja uso, au husikika hivyo.

"Ukirudia utaondolewa." Kumwambia mtu matokeo si kosa. Kuna kanuni ambazo lazima watu wajue mapema zinaishia wapi. Lakini hili lilikuwa kosa lake la kwanza, au la kwanza ulilonitajia, na adhabu yake ilikuwa imeshatolewa: tangazo limefutwa. Kitisho kilichoongezwa juu yake hakikumfundisha chochote. Mwanasaikolojia Jack Brehm alieleza mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake unabanwa huingiwa na msukumo wa kuurudisha, na mara nyingi huurudisha kwa kufanya kilekile alichokatazwa. Rafiki yako alikuwa na njia fupi zaidi. Uliposhika mlango na kumwambia utamtoa, akatoka mwenyewe. Huo ulikuwa uhuru aliobaki nao.

Mimi ningeandika hivi, tena faraghani: "Habari. Nimeliondoa tangazo la lenzi kwa sababu tumetenga Jumamosi kwa ajili ya matangazo. Maandishi yako nimekunakilia hapa chini, usihangaike kuandika upya. Jumamosi uliweke tu. Kama kuna kitu sikukiona, niambie."

Kabembelezwa wapi hapo? Tangazo limeondoka na kanuni imebaki palepale. Hakuna "samahani sana", hakuna uso wa kutabasamu. (Kuhusu hizo nyuso: Scott Fahlman, mtaalamu wa kompyuta, alipendekeza alama ya :-) tarehe 19 Septemba 1982 ili wenzake chuoni watofautishe utani na yasiyo utani, na kwa utani inafaa. Pembeni ya adhabu inasomeka kama dharau.) Kilichobadilika ni kwamba anajua nani amefanya, kwa nini, afanye nini, na kwamba ana nafasi ya kusema. Mwanasaikolojia Tom Tyler alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1990 kuhusu utii wa sheria kwamba watu wako tayari kukubali uamuzi unaowaumiza endapo wameona umefanywa kwa haki, wamesikilizwa, na wametendewa kama watu. Ile sentensi ya mwisho, "niambie", ndiyo inayobeba mzigo huo. Mara nyingi hawaambii chochote. Inatosha kwamba wangeweza.

Ukiwa bado unatafuta sauti, jihadhari na "tafadhali" inayoanzisha sentensi yenye kitisho mwishoni. "Tafadhali fuata kanuni la sivyo..." haimlainishi mtu, inasikika kama meno yaliyoumana. Jihadhari pia na "kama nilivyokwisha kusema". Mimi niliwahi kumwandikia hivyo mtu ambaye, nilipokuja kuangalia, alikuwa amejiunga siku mbili kabla na hakuwahi kuambiwa neno. Nilikuwa nimewaambia wengine kumi na uchovu wao nikamtwika yeye. Bado naona aibu. Kuna mtindo mmoja zaidi ambao hukuutumia lakini nautaja kwa sababu naona wengi wakiukimbilia baada ya kuungua kama wewe: "Kuna watu humu hawasikii. Mnajijua." Hicho ni kijembe, hakina sifa ya kuitwa onyo. Asiye na kosa anajikagua, mwenye kosa anadhani anasemwa mwingine, na mchana mzima unapotea kwa watu kuulizana ni nani.

Sasa hadharani au faraghani. Jibu langu ni faraghani kwa kosa la kwanza la mtu, isipokuwa pale alipomuumiza mwingine mbele ya wote. Mtu akitukanwa kundini na msimamizi akanyamaza, aliyetukanwa hajui kwamba umezungumza na mkosaji pembeni. Anachokiona ni kimya, na kimya atakihesabu kuwa ridhaa. Hapo sema hadharani, sentensi mbili, kisha usijibu mabishano. Lakini tangazo la lenzi halikumuumiza mtu. Ulichotaka ni wengine wasiige, na kwa hilo kuna njia bora kuliko kumfanya mtu mfano. Mtafiti J. Nathan Matias alichapisha mwaka 2019 jaribio alilofanya katika jamii ya mijadala ya sayansi kwenye Reddit, mtandao wa makundi ya majadiliano, jamii iliyokuwa na wafuasi zaidi ya milioni 13. Kanuni zilipobandikwa juu ya mjadala, wageni waliozifuata waliongezeka kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na ushiriki wa wageni ukapanda kwa wastani wa asilimia 70. Hiyo ya pili huwashangaza wasimamizi wanaodhani kanuni zinatisha watu. Kanuni iliyosemwa kabla ya kosa haimgusi mtu yeyote. Basi hadharani weka kanuni. Ukihitaji kueleza kwa nini tangazo limetoweka, sentensi moja isiyo na jina la mtu inatosha.

Kuhusu maneno ya kunakili, hapa nina mashaka pande zote mbili na sitayaficha. Utafiti wa Shagun Jhaver, Amy Bruckman na Eric Gilbert, pia wa mwaka 2019 na pia kwenye Reddit, ulikuta kwamba watu walioelezwa kwa nini andiko lao limeondolewa walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuondolewa tena baadaye, na kwamba maelezo ya roboti hayakuwa duni kuliko ya binadamu kwa kipimo hicho. Hilo lilinivunja moyo kidogo, ila ndivyo ilivyo: sababu iliyoelezwa ina nguvu hata ikitoka kwenye mashine. Upande wa pili kuna Wikipedia. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza wana maonyo ya kunakili ya ngazi nne, ya kwanza ikidhani mtu ana nia njema, ya nne ikiwa onyo la mwisho. Ni mpango mzuri kwa kazi kubwa. Hata hivyo Aaron Halfaker na wenzake, mwaka 2013, waliunganisha kupungua kwa wahariri kulikoanza mwaka 2007 na namna wageni wenye nia njema walivyokuwa wakipokelewa: kazi zao kurudishwa nyuma upesi, na salamu yao ya kwanza kuwa ujumbe wa mashine. Na wanajamii wenyewe wa Wikipedia wana andiko maarufu linalowashauri wasiwabandikie wenyeji maonyo ya kunakili. Mwenyeji anajua unalijua jina lake, kwa hiyo ukimpa karatasi ya mgeni ni kama umempita njiani bila salamu.

Kwa kundi la watu elfu nne na wasimamizi watatu ningefanya hivi: maneno ya kunakili yabebe sehemu isiyotakiwa kubadilika, yaani kanuni ipi, kimefanyika nini, rufaa inakwenda wapi. Sentensi ya kwanza iandikwe kwa mkono kila mara, hata iwe na maneno manne. Na kwa mtu anayefahamika kundini, weka nakala pembeni kabisa umwandikie mwenyewe. Kama amekuzidi umri, mwandikie kama ambavyo ungemwambia uso kwa uso. Usimamizi haukukupandisha juu ya umri wake.

Yule mwenzako wa tatu, mwenye hofu ya soko, usimpuuze. Ana hoja, ila ameibandika mahali pasipo pake. Kundi halibadiliki kuwa soko kwa sababu onyo lilikuwa na adabu. Linabadilika pale tangazo la rafiki wa msimamizi linapobaki saa tatu na la mgeni linapofutwa ndani ya dakika moja. Hilo watu hulihesabu, na hulikumbuka kuliko sentensi yoyote. Kwa hiyo wekeni daftari la pamoja, nyinyi watatu tu mlione: nani, tarehe, kosa, kilichofanyika. Hapo ndipo pa kuwa wakali, kwenu wenyewe.

Na kuna watu ambao sauti haitakusaidia kitu. Mchokozi anayekuja kutafuta ugomvi hufurahia kila sentensi ya ziada, kwa sababu kila moja ni mpini wa kukushikia. Huyo mwandikie kifupi kuliko wote: "Nimekufungia siku 7 kwa sababu ya matusi haya. Rufaa mwandikie msimamizi mwingine." Usieleze falsafa ya kundi.

Mambo mengine hayastahili onyo kabisa. Mtu akitishia kumdhuru mwingine, au akimwaga anwani ya nyumbani ya mtu, hifadhi ushahidi, liondoe, mfungie, na mshauri aliyetishiwa aende polisi akiwa nao. Picha za unyanyasaji wa kingono wa watoto usizinakili wala kumtumia mwenzako "aone". Ripoti kwa wenye jukwaa na kwa polisi moja kwa moja. Na mwanachama akiandika kwamba anataka kujiua, hata kama ameandika chini ya picha na nje ya mada, usimkumbushe mada. Mfuate faraghani, muulize waziwazi yuko salama au la, na umhimize aende kwa mtu aliye karibu naye au apige namba ya dharura ya mahali alipo. Wewe ni msimamizi, si daktari, na hapo anahitaji mtu wa kumwona kwa macho. Vivyo hivyo wewe mwenyewe: ukiona unakosa usingizi kwa ajili ya matusi unayosoma kwa niaba ya wengine, kabidhi zamu kwa wenzako na utafute mshauri wa kuzungumza naye ana kwa ana. Kujitolea hakukulazimishi kuumia.

Nimebakisha la radhi. Ndiyo, mwombe, lakini uombe kwa kile ulichokosea tu. Kanuni usiiombee radhi. Mtumie kitu kama hiki: "Tangazo ningeliondoa hata leo. Lakini kukusema mbele ya watu, na kusema kwamba ulifanya ukijua, hapo nilikosea. Samahani." Usiweke "kama nimekukwaza", kwa sababu hiyo "kama" inamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Usimwombe arudi ndani ya ujumbe huohuo, atadhani radhi ilikuwa chambo. Na kwa kuwa ulimsema hadharani, andika sentensi moja kundini pia, hata kama hayupo: kwamba onyo lile hukulitoa kwa namna inayofaa na umeshamwambia mwenyewe.

Kama una namba yake, ni bora zaidi umpigie. Unakumbuka zile 73 na 56. Ule utulivu uliokuwa nao Jumatano, ambao hakuna aliyeuona, utasikika kwenye simu bila wewe kuutafutia maneno. Usijiandae sana, utasikika kama unasoma. Akiwa bado na hasira, mwache aimalize, hata akirudia neno dikteta. Akikata, au asipopokea, tuma ule ujumbe mfupi na usimfuate tena. Akirudi kundini, usimfanyie sherehe wala usimpe msamaha wa kanuni. Jumamosi ikifika, tangazo lake la lenzi lipite kama la mtu mwingine yeyote.